Steringi Ana Sura ya Nani?

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wachora katuni mlioacha kazi zenu kuja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nitaanza na penseli. Kila Jumamosi asubuhi nakaa na watoto wa shule ya msingi kule Magomeni, tunachora. Katika boksi la penseli za rangi tunalolitumia mna penseli moja ya waridi iliyofifia, nayo huisha kabla ya nyingine zote. Watoto wanaiita "rangi ya ngozi". Nimemwona kwa macho yangu mtoto mwenye mkono mweusi ti akimwambia mwenzake, mwenye mkono mweusi vilevile, "Nipe hiyo rangi ya ngozi," na mwenzake akampa bila kusita, kisha shujaa aliyekuwa akiruka juu ya mapaa ya Kariakoo akapakwa uso wa waridi. Hakuna mtu aliyewafundisha hivyo kwa maneno. Wamefundishwa na picha.

Jambo hili halikuanzia Magomeni. Mwaka 1963 kampuni ya katuni ya Marvel ilitoa jarida jipya juu ya kikosi cha askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na miongoni mwa askari hao mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walimweka Mmarekani Mweusi mpiga tarumbeta aitwaye Gabe Jones. Jarida lilipotoka, Gabe Jones alikuwa na ngozi ya Mzungu. Watu waliotayarisha rangi za kuchapia walidhani maelezo waliyopewa yamekosewa, wakamsahihisha. Naomba tulitafakari neno hilo, kwa sababu hapakuwa na chuki iliyotangazwa wala sheria iliyovunjwa. Palikuwa na fundi aliye kazini, mwenye mazoea yake, ambaye mkono wake ulikataa kumpaka shujaa rangi ya kahawia.

Wengi wetu humu tulikulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video, tumebanana juu ya mabenchi ya mbao, huku mfasiri akinguruma juu ya sauti za wahusika. Huko ndiko tulikolipata neno ambalo mpaka leo sijaona linalolizidi, yaani steringi, shujaa mkuu wa mkanda. Steringi hafi. Akipigwa risasi itakuwa ya bega, akisukumwa ghorofani ataangukia kwenye turubai, na adui hata awe na watu ishirini watamwendea mmoja mmoja. Tulikuwa pia na elimu nyingine ambayo hatukuitamka kama kanuni ingawa kila mtoto aliijua. Akitokea mtu Mweusi, mcheshi, rafiki mwaminifu wa steringi, hafiki mwisho wa mkanda. Walikuwapo wenzetu waliowekeana dau la karanga juu ya dakika atakayokufa, na tulishangilia pamoja tulipopatia. Leo nikikumbuka shangwe ile naumia, maana tulikuwa tunashangilia kuondolewa kwa mtu pekee aliyefanana na baba zetu.

Ndiyo maana siridhiki tunapojadili uwakilishi wa jinsia na rangi kwa kuhesabu nyuso peke yake. Uso unaweza kuwapo na mtu asiwepo. Mimi nauliza swali la kibanda umiza: ni nani anayeamua? Ni uamuzi wa nani unaogeuza mkondo wa kisa, na ni kifo cha nani kinachohesabiwa kuwa msiba wake mwenyewe?

Tumchukue Wonder Woman, shujaa wa kike wa katuni, aliyetungwa na mwanasaikolojia William Moulton Marston akatokea mara ya kwanza mwaka 1941. Alikuwa na nguvu za kuwabeba wanaume wote wa zama zake, na alikuwa na kamba ambayo aliyefungwa nayo hawezi kukataa amri yake. Mwaka 1942 akakaribishwa katika chama cha mashujaa kiitwacho Justice Society, na wanaume wale wakampa kazi ya ukatibu. Wenyewe wanapokwenda vitani, yeye anabaki kutunza kumbukumbu za mikutano. Nguvu walimkubalia, kwa kuwa hazikuweza kufichwa, lakini uamuzi wakabaki nao. Akina mama mlioko hapa ambao mmekaa kwenye kamati za mitaa na za harusi, mkaona daftari la mahudhurio linavyojua njia ya kuwafikia ninyi, hamhitaji nifafanue zaidi.

Wanawake wengine hawakupewa hata daftari. Mwaka 1994 katika jarida la Green Lantern, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amepata nguvu zake anarudi nyumbani na kumkuta mchumba wake ameuawa na kuwekwa ndani ya friji. Jina la binti yule lilikuwa Alexandra DeWitt. Ninalitaja kwa makusudi kwa sababu kisa chenyewe hakina haja na jina lake. Kinachotakiwa kwake ni maiti, ili steringi apate hasira ya kumpeleka mbele. Mwaka 1999 msomaji mmoja, Gail Simone, aliorodhesha wanawake wa katuni waliouawa, waliolemazwa au kunyang'anywa nguvu zao kwa namna hiyo, na orodha akaipa jina la friji lile. Ilikuwa ndefu kuliko alivyopenda mtu yeyote anayezipenda katuni. Baadaye alikuwa mwandishi wa katuni mwenyewe, na akapewa kumwandika Wonder Woman.

Sasa nije kwa yule aliye karibu nasi zaidi, ambaye nitakaa naye kwa muda. Mwaka 1975 mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walimleta duniani Ororo, ajulikanaye kwa jina la Storm, wa kundi la mashujaa liitwalo X-Men. Mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake ni mpiga picha Mmarekani. Nilipomwona mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na moja, katika jarida lililochakaa ambalo binamu yangu alilinunua kwa wauza mitumba ya vitabu, na niliposoma neno Kenya moyo ulinidunda. Nikaitazama picha kwa muda mrefu. Watu wa kijiji wamepiga magoti wakiomba mvua. Juu yao amesimama mwanamke mweusi, karibu yu uchi, mwenye nywele nyeupe zilizonyooka mpaka kiunoni na macho ya buluu. Nilimtafuta shangazi yangu yeyote katika sura ile sikumpata. Kisha anakuja Profesa Mzungu kutoka New York, anamwambia kwamba yeye si mungu, kwamba nguvu zake zina jina lingine, na kwamba dunia iliyo kubwa kuliko kijiji hiki inamhitaji. Naye anakubali, anaondoka. Niliyafunua makaratasi yale nikitaka kujua nani atawaletea mvua wale waliobaki wamepiga magoti. Kisa hakikurudi kwao.

Hata hivyo sitaki tumtupe Ororo, kwa sababu baadaye alipata mwandishi aliyemsikiliza. Chris Claremont alimwandika kwa miaka mingi, na mwaka 1984 akamfanya apoteze nguvu zake zote. Kwa kawaida hapo ndipo mwanamke wa katuni anapoondolewa jukwaani. Ororo hakuondoka. Katika jarida lililobeba tarehe ya Januari 1986 alishindana ana kwa ana na Cyclops, mwanamume ambaye macho yake yanatoboa ukuta, kugombea uongozi wa kundi lao. Hakuwa na upepo wala radi, alikuwa na akili na miguu miwili tu, naye akamshinda na kushika uongozi. Kwangu mimi Ororo alizaliwa siku hiyo. Filamu zilipokuja kuanzia mwaka 2000, Halle Berry akimwigiza Ororo, zilichukua radi zikaacha kisa hicho. Zikampa lafudhi ya kusema kwamba anatoka Afrika, na filamu ya pili ilipofika lafudhi ikavuliwa kama koti.

Luke Cage, wa mwaka 1972, nitamgusa kidogo tu. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupewa jarida la Marvel lenye jina lake, mfungwa aliyesingiziwa, ngozi yake haipiti risasi, na anafanya kazi kwa malipo. Mashujaa Wazungu, tajiri na yatima, waliokoa watu bure. Huyu ilibidi adai ujira wake. Na kuhusu ngozi isiyopita risasi, sisi tunaoishi katika nchi ambayo mwaka 1905 watu walikunywa maji ya Kinjikitile Ngwale wakaikabili mizinga ya Wajerumani, tunaielewa ndoto hiyo pasipo kutafsiriwa, na tunajua gharama yake.

Mwaka 2018 ilikuja filamu ya Black Panther, juu ya mfalme wa nchi ya kubuni ya Kiafrika iitwayo Wakanda, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na baadhi yetu tulikwenda sinema tumevaa vitenge kama tunaokwenda harusini. Nilikwenda mara tatu. Kilichonishika hakikuwa mfalme. Ilikuwa Okoye, jemadari, anayesimama mbele ya mume wake kwenye uwanja wa vita na kuichagua nchi. Na Nakia, ambaye mfalme anapodhaniwa amekufa ndiye anayeuiba mmea wa nguvu kabla bustani haijachomwa moto. Wanawake hawa wanaamua, na uamuzi wao unageuza kisa. Nyuma ya kamera Ruth E. Carter kwa mavazi na Hannah Beachler kwa mandhari walipata tuzo za Oscar ambazo hakuna mwanamke Mweusi aliyekuwa amezipata katika fani hizo.

Lakini nilipotoka sinema usiku ule niliona jambo. Nguo nyekundu na shanga za walinzi wa Wakanda zilichota sehemu ya uzuri wake kwa Wamaasai. Nje, mbele ya duka lililofungwa, alikuwa amekaa kijana wa Kimaasai amejifunika shuka nyekundu, rungu mapajani, analinda mali ya mtu mwingine kwa ujira mdogo. Watu waliokuwa wametoka kushangilia wekundu ule ndani walimpita bila hata salamu. Nami pia nilikuwa nimeshampita hatua kumi kabla sijarudi kumsalimia.

Na tusijidanganye kwamba mabaya yote yametoka ng'ambo. Steringi wetu mkubwa wa pwani ni Fumo Liyongo, mtu ambaye silaha haimwingii ila sindano ya shaba kitovuni. Alipofungwa gerezani mama yake alioka mkate wa makapi, akaficha tupa ndani yake. Lakini aliyeubeba mkate ni Saada, mjakazi, aliyepita mbele ya walinzi siku baada ya siku na kuwaachia vyakula vizuri ili wasitamani kile kibaya. Kama wangemgundua, yeye ndiye angekufa. Tunamwimba Liyongo mpaka leo, na kifo chake tunakijua hatua kwa hatua, hadi alivyopiga goti kisimani na upinde mkononi. Saada aliishia wapi? Majarida yetu ya katuni nayo, pamoja na mapenzi yangu makubwa kwa Sani na kwa Kingo wa James Gayo, yamemchora mwanamke wa Dar es Salaam mara nyingi mno kwa makalio yake kabla ya kumpa neno la kusema.

Ninyi wachora katuni mtaniuliza kuhusu pesa, na mna haki. Mwaka 1947 mwandishi wa habari Orrin C. Evans wa Philadelphia alitoa All-Negro Comics, iliyoandikwa na kuchorwa na Wamarekani Weusi, na ndani yake alikuwemo shujaa Lion Man. Toleo la pili lilikuwa tayari limechorwa, lakini hakuna aliyekubali kumuuzia karatasi. Hakunyimwa kipaji wala wasomaji, alinyimwa karatasi. Black Panther mwenyewe aliumbwa mwaka 1966, na ilibidi ipite miaka 50 kamili, mpaka mwaka 2016, ndipo Marvel ikawapa wanawake Weusi, Roxane Gay na Yona Harvey, kuandika jarida la nchi ile ya Wakanda. Karibu nasi, Malenga Mulendema wa Zambia aliwapa wasichana wanne wa Lusaka nguvu za kuulinda mji wao katika katuni ya Supa Team 4, iliyotoka mwaka 2023. Niliwaonyesha watoto wa Magomeni. Swali lao la kwanza lilikuwa kama Lusaka inafikika kwa basi.

Baada ya hapo msichana mmoja wa darasa la tano aliniletea malalamiko ya kifundi. Alisema ameacha penseli ya waridi, lakini akipaka kahawia, macho na pua ya shujaa wake vinapotea. Alisema kweli, kahawia ya boksi letu ni nzito, inameza mistari. Tulikaa chini tukajaribu. Njano kwanza, kwa mkono mwepesi, kisha rangi ya chungwa, kisha kahawia juu yake, na paji la uso na ncha ya pua tukaviacha vikiwa na mwanga. Uso mmoja ulimchukua muda wa vipindi viwili. Akaniuliza kama steringi anaruhusiwa kuwa na mdogo wake wa kumtunza. Nikamwambia anayeamua ni yeye.

Picha ninayo hapa, nitaipitisha muione. Shujaa yuko juu ya daraja la Kigamboni, anaruka, na mgongoni amembeba mtoto kwa khanga. Pindo la khanga amelichora lote, nukta kwa nukta. Mahali pa jina amepaacha peupe. Nilipomuuliza, alisema bado anafikiria.