Ua, Bikoni na Njia ya Mtoni: Mtaa Mpya Unapokuja Kando ya Shamba Lako

NYAMBURA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Nyambura, na mwenzangu Baraka yuko hapa. Leo amekuja na chai yake kwenye chupa, hataki ya studio.

BARAKA: Ile ya studio ni maji moto yaliyopakwa rangi. Twende kazi, bwana.

NYAMBURA: Haya. Kuna msikilizaji wetu wa upande wa Kiambu ametuma ujumbe wa sauti. Shamba la familia yao linapakana na shamba kubwa la kahawa. Kahawa imeng'olewa, shamba limeuzwa, na sasa unakuja mtaa wa nyumba za kisasa, ukuta kila upande na geti moja. Mpimaji wa kampuni amepita akapigilia vigingi ndani ya ua wao, kama mita tatu hivi. Juu ya hayo, njia ya miguu wanayopitia watoto kwenda shule na watu kwenda mtoni imeangukia katikati ya nyumba zilizochorwa. Anauliza: twende kortini?

BARAKA: Bado. Kwa upande wa mpaka, korti itamrudisha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema mahakama isisikilize kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili wa ardhi hajauamua mpaka huo. Watu hulipa wakili, wanasukuma kesi miaka, halafu jaji anawaambia: rudini kwa msajili.

NYAMBURA: Lakini ana taito, na ramani ipo. Si ramani inaonyesha?

BARAKA: Ngoja kwanza tujue hiyo ramani ilitoka wapi. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini, serikali ya kikoloni iliunganisha vipande vya ardhi Kiambu, Murang'a na Nyeri, mtu aliyekuwa na vishamba sita huku na kule akapewa kimoja kikubwa. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio ulioisukuma kazi hiyo. Sasa kuzika bikoni, zile alama za mpaka za wapimaji, kila kona ya kila shamba kungemaliza pesa na wapimaji. Kwa hivyo watu waliambiwa wapande ua mpakani. Ua ulipokua, ndege ikapita juu ikapiga picha, na wachoraji wakafuata ile mistari ya ua.

NYAMBURA: Yaani mpaka wa guka wangu, babu yangu, ni michongoma iliyopigwa picha kutoka angani!

BARAKA: Ndiyo hiyo. Na ramani nyingi za namna hiyo ni za kipimo cha 1:2,500. Chukua rula: milimita moja kwenye karatasi ni mita mbili na nusu shambani. Mstari wa kalamu wa nusu milimita umeshakula mita moja na robo. Ndiyo maana sheria yenyewe inasema ramani hiyo inakadiria tu mpaka ulipo. Mtu akikwambia amepima kwenye ramani ya usajili akakuta ua wako umezidi sentimita arobaini, huyo anakuchezea.

NYAMBURA: Na lile shamba la kahawa? Lile halikupigwa picha.

BARAKA: Hayo yalikuwa ya walowezi. Yalipimwa kwa namba kamili na bikoni zikazikwa. Basi huyu msikilizaji wetu na kampuni wanagawana ua mmoja, lakini mmoja karatasi yake inakadiria, mwingine karatasi yake inataja namba.

NYAMBURA: Basi kampuni itashinda.

BARAKA: Inaweza kushinda, sitamdanganya. Bikoni ya zamani ikifukuliwa mahali pake, na iwe iko ndani ya ua wao, huenda ua ulipandwa juu ya ardhi ya kahawa. Lakini kama familia imelima kipande hicho wazi, bila ruhusa ya mtu, miaka 12 au zaidi, Sheria ya Ukomo wa Mashauri inawapa nafasi ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kudai kuwa kimekuwa chao. Hiyo ni kesi nyingine kabisa, na hapo ndipo wakili anahitajika.

NYAMBURA: Msajili akiombwa, anafanya nini hasa?

BARAKA: Anawaandikia notisi wenye mashamba yanayopakana, halafu anakuja na mpimaji wa serikali. Wanatafuta bikoni, wanaangalia visiki vya ua, wanawasikiliza wazee. Huko kwetu nimeona mzee akichimba kwa jembe chini ya ua akatoa vitunguu vya itoka, yale maua yaliyopandwa mipakani tangu kabla ya mkoloni. Unakata majani, yanarudi. Kampuni ilikuwa na mashine ya setilaiti, na bado wote wakainama kuangalia shimo.

NYAMBURA: Sasa kampuni ikija na tingatinga Jumamosi jioni ikang'oa ua wote?

BARAKA: Imeng'oa ushahidi. Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa kwa huyu msikilizaji, kuliko vile vigingi. Kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai, lakini mtu akishtakiwa ua haurudi. Kwa hivyo leo, si kesho, apige picha za ua kutoka mwanzo hadi mwisho, nyumba au mti mkubwa uonekane nyuma, na ombi lifike kwa msajili kabla mashine hazijafika.

NYAMBURA: Njia sasa.

BARAKA: Kwanza aangalie kama imechorwa kwenye ramani. Ikiwa imechorwa kama barabara, mchezo umekwisha, hakuna anayeijengea. Isipochorwa, swali ni miaka. Watu wakipita kwa amani, hadharani, bila kukatizwa, kama haki yao, miaka 20, sheria inawapa haki ya njia.

NYAMBURA: "Kama haki yao" maana yake?

BARAKA: Si kwa hisani. Kama nyapara alikuwa akifungua geti na kusema "piteni tu leo", hiyo ni ruhusa, na ruhusa haizai haki. Hapo kampuni itatafuta mzee wa kusema kwamba waliruhusiwa. Wao nao watafute wazee wao. Na kama kuna shamba ambalo litabaki bila mlango kabisa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenyewe kuiomba mahakama amri ya kupitia kwa jirani.

NYAMBURA: Kaunti je? Si lazima itoe kibali?

BARAKA: Lazima, kugeuza ardhi ya kilimo kuwa ya makazi si jambo la kimyakimya. Notisi hubandikwa, na majirani wanaweza kupinga. Wengi huipita wakidhani ni tangazo la kuuza ploti. Leseni ya mazingira nayo ikitolewa, kuna siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, lile linaloitwa kwa Kiingereza National Environment Tribunal.

NYAMBURA: La mwisho. Anasema kampuni imeahidi njia nyingine, nje ya ukuta, na imewapelekea wazee karatasi ya kutia sahihi. Njia mpya inazunguka mbali.

BARAKA: Njia mpya si mbaya yenyewe. Ubaya ni kwamba kampuni itagawa shamba, itauza nyumba mia, itaondoka, na mwenye nyumba ya kona hatajua ahadi yoyote. Kwa hivyo njia isajiliwe kwenye hati ya lile shamba kabla haijagawanywa, kwa upana unaotajwa kwa mita, ionekane kwenye ramani.

NYAMBURA: Na wazee wamwambie nini yule aliyeleta karatasi?

BARAKA: Kwamba wanaisoma. Na waisome kweli, na wakili kando. Kwingine, waliotaka sahihi za wazee walikuja na kilo mbili za sukari na blanketi.

NYAMBURA: Sukari waichukue?

BARAKA: Waichukue. Sahihi ibaki.