Slaidi ya Colt, Fremu ya Nani?

NEEMA: Kuna ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji wetu aliyeko Ohio, Marekani. Baba mkwe wake, mwanajeshi mstaafu, amefariki na kumwachia M1911A1, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani. Slaidi, yaani kipande cha juu kinachorudi nyuma, imeandikwa Colt, lakini alipoitafuta namba yake akaambiwa ni ya kampuni nyingine, Remington Rand. Fundi mmoja kamwambia ni chuma chakavu. Kaka Hamza, kweli?

HAMZA: Chuma chakavu wapi! Ila kwanza atoe magazini, avute slaidi nyuma, achungulie chemba. Silaha ya marehemu usiiamini kuwa tupu.

NEEMA: Haya, tuseme keshahakikisha.

HAMZA: Basi aamini fremu, yaani kiwiliwili cha bastola chenye mpini. Namba imegongwa kwenye fremu, upande wa kulia. Jina la kampuni liko kwenye slaidi, na slaidi hutoka kwa dakika moja ukaipachika fremu nyingine. Kwa hiyo yake ni Remington Rand iliyovikwa slaidi ya Colt. Ageuze fremu upande wa kushoto, atafute herufi FJA. Huyo ni Frank J. Atwood, mkaguzi wa jeshi. Ingekuwa fremu ya Colt ya wakati wa vita, huenda angekuta GHD, yaani Guy H. Drewry.

NEEMA: Kasema pia mtutu una herufi HS. Ana wasiwasi ni feki.

HAMZA: Aondoe wasiwasi. HS ni High Standard, kampuni ya silaha, na waliwauzia Remington Rand mitutu. Hicho ndicho kipande ambacho huenda hakijawahi kuguswa!

NEEMA: Remington Rand si ndio wa mashine za kuchapa?

HAMZA: Ndio hao. Vita vya Pili vilipopamba moto, kazi iligawanywa. Ithaca walikuwa watu wa bunduki za marisau, Union Switch & Signal watu wa ishara za reli. Na Singer.

NEEMA: Singer ya cherehani? Ile ya bibi?

HAMZA: Hiyohiyo, dada. Walitengeneza bastola 500 tu, S800001 mpaka S800500, kisha wakahamishiwa mitambo ya kulengea mizinga ya kutungulia ndege. Leo Singer iliyokamilika ni makumi ya maelfu ya dola, ndiyo maana matapeli wanazighushi.

NEEMA: Turudi Ohio. Nani kachanganya vipande?

HAMZA: Hapo ndipo bei ilipo. Jeshi lilitaka kipande cha kampuni yoyote kiingie kwenye bastola ya kampuni nyingine. Baada ya 1945 halikuagiza mpya, na Beretta M9, bastola iliyochukua nafasi yake, haikuja mpaka 1985. Miaka 40! Zilikuwa zinarudishwa karakana za jeshi, zinafumuliwa, kilichochakaa kinatupwa, kingine kinachukuliwa kwenye sanduku. Hakuna aliyeuliza hiki cha nani. Kisha nyingi ziligongwa mhuri wa karakana: AA ni Augusta, SA ni Springfield, RIA ni Rock Island.

NEEMA: Na kama haoni mhuri?

HAMZA: Achukue kioo cha kukuzia aangalie rangi. Fremu na slaidi zikiwa na kijivu kimoja kisichong'aa, dalili ni ya karakana. Slaidi ikimeremeta bluu na fremu ni kijivu, huenda mtu kaiunga mezani kwake. Halafu aangalie kingo za herufi. Zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, kuna mtu kapitisha msasa, na bei inashuka.

NEEMA: Taja bei basi, watu wanasubiri.

HAMZA: Mwaka 2018 CMP, shirika la Marekani la kufundisha raia kulenga shabaha, lilianza kuwauzia raia bastola hizi kutoka maghala ya jeshi, dola 850 hadi 1,050 kulingana na hali. Nyingi zilikuwa mchanganyiko hivihivi. Tangu hapo soko limepanda, lakini hicho ni kipimo kizuri kuliko maneno ya fundi.

NEEMA: Anataka kununua slaidi ya Remington Rand airudishe kama ilivyotoka kiwandani.

HAMZA: Asithubutu!

NEEMA: Si mali yake, kaka?

HAMZA: Ni yake. Lakini slaidi nzuri ya wakati ule ni ghali, na uchakavu wake hautalingana na wa fremu. Mnunuzi mzoefu ataona mara moja. Atakuwa amelipa pesa kugeuza bastola halali ya karakana kuwa ya kutiliwa shaka.

NEEMA: Kwa hiyo afanye nini?

HAMZA: Aifute kwa mafuta mepesi, apige picha za mihuri yote kwa karibu, atutumie. Na ile dawa ya kung'arisha aliyosema kanunua, airudishe dukani.