Usikimbilie Makali: Kuisoma Kukri ya Zamani

Mabibi na mabwana, kabla sijaenda mbali naomba kisu hiki kizunguke. Msikamate ala kwa upande wa makali. Ngozi ya zamani hufumuka mshono, na vidole havioti tena.

Mmeona? Kila anayekipokea hukichomoa akatazama makali. Mimi huanza na mgongo.

Hii ni kukri, kisu kilichopinda cha Wanepali; hii ni ya jeshi la Nepal, ya umbo refu jembamba. Mgongoni, karibu na mpini, pamegongwa herufi za Kidevanagari, maandishi ya Wanepali: jina la kikosi na tarakimu zinazosomeka 1960. Kijana mmoja aliniambia, "Mzee, umeibiwa, hiki ni cha juzi." Kumbe Nepal wana kalenda yao, Vikram Sambat, iliyoitangulia yetu kwa miaka 56 au 57, kutegemea mwezi, maana mwaka wao huanza katikati ya Aprili. Toa hiyo, unafika 1903 au mwanzoni mwa 1904. Waziri mkuu ni Chandra Shumsher, na ukoo wa Rana umeishika nchi huku mfalme kabaki jina.

Ila ukikuta mihuri ya jeshi la Uingereza nchini India, mathalani 17 au 43 kwa tarakimu zetu, hapo usitoe kitu. Ni 1917 na 1943, miaka ya vita vikuu viwili.

Njoo kwenye mpini. Msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia mpinini, wa kukri nyingi za kale umezama ndani ya mbao au pembe, umeshikwa kwa ulimbo wanaouita laha. Ukiona chuma chote kimepita katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyopigwa ribiti, mara nyingi hiyo ni ya jeshi, ya karne ya 20. Na ukiona kichwa cha simba cha shaba mwisho wa mpini, tabasamu, mrudishie muuzaji: mara nyingi hicho ni cha watalii. Muuzaji huyohuyo ndiye atakayekuapia kwamba kukri hairudi alani bila kuonja damu. Wanepali wanachanjia kuni kwa hicho kisu!

Mwaka 2003 kampuni mbili za Marekani zilinunua shehena kubwa ya silaha kuukuu kutoka Lagan Silekhana, jumba la zamani mjini Kathmandu. Kukri kwa maelfu ziliingia sokoni zikiwa na grisi kavu. Kwa hiyo umbo hili si adimu. Msiuziwe kama lulu. Mkinunua, grisi itoeni kwa mafuta na kitambaa. Msasa hapana: utafuta maandishi pamoja na kutu.

Kimefika wapi kisu? Haya, kigeuze. Nyuma ya ala kuna vifuko viwili, kimoja cha karda, kisu kidogo, kingine cha chakmak, kinoleo. Vyangu vitupu. Aliyeniuzia alikuwa ameshaviuza kando.