Mwaka Umeuweka Wapi? Mhadhara Kuhusu Orodha Isiyofanana Kila Mahali

Walionisikia mwaka jana na mwaka juzi watanisamehe, maana naanza palepale. Nilikuwa nimejiapiza leo nizungumzie jambo jingine kabisa. Halafu juzi kijana mmoja akaniandikia: "Shikamoo mzee. Orodha yangu kwenye Windows inapendeza, kwenye Linux inakatika. Nimeweka sharti, kama ni Windows fanya hivi, kama ni Linux fanya vile. Sasa inafanya kazi." Sasa inafanya kazi! Marahaba, mwanangu. Umenirudisha kwenye orodha.

wxWidgets, maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu, sitaieleza. Mnaoiandikia mnaijua, na msioijua mmeshaitumia, kwa sababu aliyewahi kukata sauti kwa Audacity au kupandisha mafaili kwa FileZilla ameishika mkononi. Nikumbushe tu ahadi yake. Tangu Julian Smart alipoianza Edinburgh mwaka 1992, ahadi ni kwamba wewe unaandika msimbo mmoja, na kila mfumo unaleta vidude vyake wenyewe: kitufe cha Windows kiwe cha Windows kweli, cha Mac kiwe cha Mac kweli. Kwenye kitufe ahadi hiyo haina jasho. Kitufe kina maneno, kinabofywa, mambo yameisha. Inayotuumbua ni orodha.

Chukueni wxListCtrl, orodha yake yenye mistari na kolamu. Kwenye Windows, maktaba inaazima orodha ya Windows yenyewe, ile inayokaa ndani ya comctl32, faili la vidude la Windows. Kwenye Linux na GTK, maktaba ya vidude ya huko, haiazimi chochote. Inachora yenyewe, mstari kwa mstari, vichwa vya kolamu kwa mkono, rangi ya uteuzi kwa mkono. Mac iliwahi kuwa na mambo yake enzi za Carbon, msingi wa zamani wa Apple, tuyaache. Siku hizi nayo inachorewa. Kwa hiyo mnaita jina moja, wanaitika wawili. Mmoja amezaliwa na tabia zake, mwingine anamuiga. Anayeiga ataiga vinavyoonekana: mistari, vichwa, mshale wa kupanga. Tabia za ndani atazikosa mpaka mtu aumie.

Mimi niliumia Tanga.

Niliandika programu ya stoo ya dawa. Kolamu tatu: jina la dawa, idadi, tarehe ya kuisha muda. Niliiandika kwenye kompyuta yangu ya Windows, na kwa kolamu ya tatu nikatumia ule upana wenye jina refu, wxLIST_AUTOSIZE_USEHEADER, ambao kwa namba ni hasi mbili. Jina linasema upana ufuate kichwa cha kolamu. Kwenye Windows unafanya hivyo, lakini una tabia moja ya ziada: ukiutumia kwenye kolamu ya mwisho, kolamu hiyo inachukua nafasi yote iliyobaki mpaka ukingoni. Niliona kolamu imenyooka hadi ukutani, nikasema safi. Sikujiuliza ni nani aliyeinyoosha.

Stoo walikuwa na kompyuta za zamani, fundi wao alikuwa amezipa Linux. Nikajenga programu upande ule, ikakubali bila onyo hata moja, nikaipeleka, nikala ubwabwa, nikarudi zangu. Wiki mbili baadaye napigiwa simu na mama mwenye stoo. Hakusema programu imeharibika. Alisema: "Mwanangu, mwaka umeuweka wapi?"

Sikumwelewa. Nikaenda. Nikakuta kolamu ya tatu ni nyembamba kama utepe, na kila tarehe imeandikwa 30/11 halafu nukta tatu. 15/04, nukta tatu. Siku ipo, mwezi upo, mwaka umemezwa. Kwenye stoo ya dawa! Mama wa watu alikuwa anafungua programu kila asubuhi, anashika ukingo wa kolamu kwa kipanya, anauvuta mpaka mwaka utokee, ndipo aanze kazi. Alidhani ndivyo inavyofunguliwa. Alikuwa amemfundisha na msaidizi wake.

Nikarudi kwenye mwongozo. Mwongozo wa toleo la 3.0, mweupe kama mchana, unasema hasi mbili itatoa upana wa kichwa kwenye Win32, yaani Windows, au pikseli 80 kwenye mifumo mingine. Pikseli 80! Hazikupimwa na herufi wala na kichwa, 80 tu. Ile tabia ya kujaza nafasi iliyobaki, ambayo ndiyo niliyoitegemea, haikutajwa hata hapo. Ilikuwa imeandikwa kwenye nyaraka za Microsoft, mlango wa pili kabisa.

Sasa nawauliza swali ninalowauliza kila mwaka. Hili ni kosa la nani? Langu, ndiyo, sikujaribu kwenye Linux, nimeshapigwa vya kutosha kwa hilo. Lakini tazameni wengine walivyofanya. Walioandika kwa wxPython, yaani wxWidgets kwa lugha ya Python, walichoka zamani, wakatengeneza kipande kinachoitwa ListCtrlAutoWidthMixin, kazi yake moja: kunyoosha kolamu ya mwisho. Ukisoma msimbo wa NVDA, programu inayowasomea skrini wasioona, utakuta nao wana orodha yao ya kunyoosha kolamu. Hapo hatujawahesabu maelfu kama yule kijana wangu wenye "kama ni Windows". Kila mmoja ameziba tundu lake, na tundu lenyewe ni moja tu, liko kwenye maktaba.

Na lilipozibwa kwenye maktaba, mnajua ilichukua nini? Nitawaonyesha, maana ni mistari michache. Ndani ya ile orodha inayochorwa kwa mkono, mtu akiomba hasi mbili na kolamu ni ya mwisho: chukua upana wa ndani wa dirisha, toa upana wa kolamu zote zilizotangulia, kikibaki kitu mpe ya mwisho. Basi! Na juu yake pameandikwa maelezo kwamba hii ni kuiga tabia ya Windows. Hiyo hesabu ya kutoa, ya darasa la tatu, ndiyo iliyokuwa inamvutisha mama wa Tanga kipanya kila asubuhi.

Naona mkono. Utaniuliza: kwa nini Windows ndiyo iigwe? Nani kaipa ukubwa? Swali zuri, na jibu halina uhusiano na mapenzi. Orodha ya Windows si yetu. Huwezi kuifungua comctl32 uibadilishe. Unachoweza kugusa ni kile ulichokichora mwenyewe, kwa hiyo anayesogea ni yule anayeweza kusogea. Mwingine ataniambia, je, programu za zamani zilizozoea 80? Ndugu yangu, aliyetaka 80 angeandika 80. Hakuna mtu aliyeandika hasi mbili akiwa na 80 moyoni.

Kuna na yule wa siku zote, leo simwoni lakini najua yupo: "Mzee, achana na vidude vya mifumo, chora kila kitu mwenyewe, kifanane kila mahali." Watu wa lugha ya Java walipita njia hiyo. AWT yao ya mwanzo iliazima vidude vya mfumo, ikawachosha, wakaja na Swing inayojichorea. Inawezekana, sikatai. Lakini mkae na mtu asiyeona, mumtazame akitumia kompyuta. NVDA ilianzishwa na Michael Curran wa Australia mwaka 2006, na madirisha yake yenyewe yameandikwa kwa wxPython. Kwenye Windows, orodha ya wxListCtrl ni orodha ya kweli ya mfumo; msomaji wa skrini anaijua, anaisoma mstari, kolamu, "cha tatu kati ya kumi". Ile iliyochorwa kwa mkono, kwake ni picha. Rangi tu zimepakwa. Kila ukichora mwenyewe una deni la kumweleza msomaji wa skrini ulichochora, na wengi wetu hilo deni hatulipi. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba kuchora ni bure.

Na anayeniambia hamia wxDataViewCtrl, orodha nyingine ya maktaba ileile, hiyo ni ya kisasa: ndiyo, hiyo inaazima ya mfumo kwenye GTK na kwenye Mac. Na kwenye Windows? Inachorwa kwa mkono. Umevuka mto, mamba naye amevuka.

Haya, naona nimebakiwa na dakika kumi na nilikuwa na mambo sita. Nichague.

La kwanza, msidhani kila mara anayesogea ni upande wa kuchora. Kuna pale Windows ndiyo yenye kasoro. Weka kolamu ya kwanza kabisa, iombe ilaze maandishi kulia, tuseme ni namba za ankara. Windows itayalaza kushoto. Kolamu yenye namba sifuri inalala kushoto, umeomba usiombe. Hiyo imeandikwa kwenye nyaraka zao, na dawa yake wameiandika pia: ingiza kolamu ya uongo mahali pa sifuri, ingiza yako mahali pa moja ikiwa imelala kulia, halafu futa ile ya uongo. Yako inateleza hadi sifuri na ulalo wake mkononi. Ujanja wa mwizi wa kuku, lakini unafanya kazi. Swali ni ujanja huo ukae wapi. Ukiuweka kwenye programu yako, umejisaidia wewe. Ukiuweka ndani ya maktaba, upande wa Windows, mtu wa Linux na mtu wa Windows wanaita kitu kimoja na wanapata kitu kimoja, na hakuna anayehitaji kujua habari za kolamu ya uongo.

La pili, hili linaua kimyakimya. Kila mstari wa orodha unaweza kubeba namba yake ya siri, na ile namba kwenye SetItemData ni ya aina ya long. Wengi hubana humo anwani ya kumbukumbu. Kwenye Linux ya biti 64, long ni biti 64, anwani inaenea. Kwenye Windows ya biti 64, long bado ni biti 32! Nusu ya anwani inakatwa, na programu inaweza kuishi miezi mingi kabla haijaanguka, kwa sababu anwani ndogo zinaenea. Tumieni SetItemPtrData, inayobeba anwani nzima. Nisieleze zaidi.

La tatu, matukio ya uteuzi. Orodha ya kubuni, ile isiyoshika data yenyewe, ukishika Shift na kuteua mistari elfu tano, Windows inaweza kukupa taarifa moja tu: kuanzia huyu hadi yule. Haikuiti mara elfu tano. Aliyejenga hesabu yake kwa kujumlisha kila tukio, jumla yake ni ya uongo. Uliza orodha nani ameteuliwa, usihesabu kelele. Hapa ningekaa nusu saa, haipo.

La nne, maandishi marefu: Windows inaonyesha herufi 259 za mwanzo za kila seli, zilizobaki zimehifadhiwa lakini hazionekani. Linalofuata naliruka. Na lile la picha ndogo za kolamu ya kwanza naliruka pia, nitalisema mwakani mkinialika.

Lakini hili la majaribio siliruki. Wanafunzi wangu nawaandikisha jaribio moja kabla hawajagusa chochote. Tengeneza orodha yenye upana wa ndani wa pikseli 400. Kolamu ya kwanza 100, ya pili 100. Ya tatu ipe hasi mbili. Sasa uliza upana wake. Ukipata 200, au pungufu ya pikseli mbili tatu, endelea. Ukipata 80, simama. Jaribio lenyewe ni moja, halina "kama ni Windows" ndani yake hata mahali pamoja, na linaendeshwa kwenye mifumo yote mitatu kila mtu anapoleta badiliko. Kwa Linux hata skrini huhitaji, Xvfb inakupa skrini ya hewani. Nimeona watu wanaleta kiraka kizuri bila jaribio, kinapokelewa, na miaka miwili baadaye mtu anasafisha msimbo, anaiona ile hesabu ya kutoa, anasema hii ya nini, anaifuta.

Na tahadhari moja kwa mtakaoandika hilo jaribio usiku wa leo: hesabu inafanyika pale unapoita, mara moja. Ukiita kabla dirisha halijapangwa, upana wa ndani bado ni mdogo, hakibaki kitu cha kugawa, na utaniandikia kwamba mzee kanidanganya. Panga dirisha kwanza, ndipo uite. Na mtumiaji akilivuta dirisha likawa kubwa, kolamu haitamfuata. Tukio la kubadilika ukubwa lishike mwenyewe, uite tena.

Yule mama nilimrekebishia siku ileile, kwa namba niliyoiandika kwa mkono, 140, kiraka kama cha kijana wangu, sitakataa. Nilikuwa na basi la saa tisa. Alipofungua programu na kuuona mwaka umekaa mahali pake, mkono wake ulienda kwenye kipanya hivyohivyo, akashika ukingo wa kolamu, akauvuta kidogo.

Ndugu pale nyuma, umeinua mkono tangu kwenye pikseli 80. Uliza.