Waya Haukumbuki Chochote

ZUHURA: Mlio huo mliousikia ni maji ya moto yanaingia kikombeni. Hamisi, waambie wasikilizaji umeshika nini.

HAMISI: Waya. Mwembamba, wa kijivu, umenyooka kama sindano. Umeniambia niukunje nitakavyo, basi nimeuzungusha kidoleni, nimeukunja tena, sasa umevurugika hautamaniki.

ZUHURA: Utumbukize.

HAMISI: Haya... Lo! Umenyooka! Sikuwahi hata kupepesa jicho.

ZUHURA: Ndiyo nitinoli hiyo. Nikeli na titani, karibu nusu kwa nusu ukihesabu atomi. Iko kwenye kundi la aloi, yaani michanganyiko ya metali, zinazoitwa aloi za kumbukumbu ya umbo, na jina hilo mimi silipendi.

HAMISI: Tumeanza. Lina kosa gani? Waya umekumbuka ulivyokuwa.

ZUHURA: Haukumbuki chochote. Chukua pini ya kubania karatasi. Ukiikunja kidogo, inarudi. Ukizidisha, tabaka za atomi zinateleza, moja inapita juu ya nyingine. Atomi iliyokuwa imeshikana na huyu sasa imeshikana na yule. Vifungo vya zamani vimekatika, vipya vimefungwa, na vipya ni imara vilevile. Ipashe moto upendavyo, haina kwa kurudi.

HAMISI: Kwa nini hii irudi?

ZUHURA: Kwa sababu humo ndani hakuna atomi iliyoachana na jirani yake. Nitinoli ina mipangilio miwili. Ikiwa na joto, atomi zake zimejipanga kwa vyumba vya mraba vilivyosimama wima. Huo unaitwa austenaiti. Ikipoa, vyumba vyote vinalala upande kidogo. Hiyo martensaiti. Hakuna atomi inayosafiri. Zote zinasogea pamoja, kila moja chini ya hatua moja, ndiyo maana mambo yanaisha kufumba na kufumbua.

HAMISI: Kama gwaride. Mguu pande, mguu sawa.

ZUHURA: Naichukua, ila iongeze kitu. Kwenye baridi askari hao, yaani atomi, wanaweza kulala kushoto au kulia. Waya ukipoa wenyewe, mstari mmoja unalala kushoto, unaofuata kulia, wa tatu kushoto. Kushoto na kulia vinafutana, kwa hiyo ukiutazama kwa nje umbo halijabadilika hata chembe. Sasa wewe unakuja na vidole vyako, unakunja. Waliokuwa wamelala kulia unawavuta walale kushoto.

HAMISI: Na hapo ndipo ninapoona umbo limebadilika.

ZUHURA: Limebadilika, lakini kila askari bado ana jirani wake yuleyule. Njia za kulala ni nyingi. Ya kusimama wima ni moja tu. Ukiutia kwenye maji ya moto, amri ni mguu sawa, wote wanasimama, na umbo la zamani linatokea kwa sababu halina namna nyingine ya kutokea.

HAMISI: Lakini hilo la kunyooka lilitoka wapi? Mtu alilichagua.

ZUHURA: Alilichagua kiwandani. Unaubana waya kwenye umbo unalotaka, unauingiza kwenye tanuri la nyuzi 500 hivi za Selsiasi kwa dakika kadhaa, kisha unaupoza. Samaki mkunje angali mbichi, sasa huyu anakunjwa motoni.

HAMISI: Nani aliyeligundua jambo hili?

ZUHURA: Tabia yenyewe ilionekana mapema. Mwaka 1932 Msweden Arne Ölander aliiona kwenye aloi ya dhahabu na kadimiamu. Hiyo ni ghali na kadimiamu ni sumu, ikabaki maabarani. Nitinoli ni ya William Buehler, wa maabara ya silaha ya Jeshi la Majini la Marekani. Alikuwa anatafuta metali ya kuvika pua ya kombora. Mwaka 1959 akadondosha vipande vyake sakafuni. Kilichopoa kikalia kama kipande cha madini ya risasi, pu! Chenye joto kikalia kama kengele.

HAMISI: Metali ileile?

ZUHURA: Ileile. Akakipoza kwa maji kile cha kengele, nacho kikafa sauti. Martensaiti inameza mtikisiko, kwa kuwa zile tabaka zilizolala zinasogeasogea na kula nguvu ya mlio. Mimi nauona ndio ugunduzi wenyewe, ingawa watu wanapenda kusimulia ule wa 1961. Kikaoni walipitishiana ukanda wa nitinoli uliokunjwa kama kinanda cha mkono, kila mtu anaukunja na kuunyoosha waone kama utachoka. Bwana mmoja mvuta kiko, David Muzzey, akausogezea moto wa kiberiti chake. Ukanda ukajinyoosha mbele ya wakubwa.

HAMISI: Uvutaji umewahi kuwa na faida mara moja. Sasa matumizi. Nani anahitaji waya wa kuchezea kikombeni?

ZUHURA: Mafundi wa ndege ya kivita ya F-14, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mabomba ya mafuta ya haidroliki, pahali ambapo kuchomelea ni kazi. Wakatengeneza pete ya aloi hii, tundu lake dogo kuliko bomba. Unaizamisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, unaitanua, unaivisha bomba, unaiacha. Ikipata joto la kawaida inajikaza na haiachii.

HAMISI: Bila bolti wala kuchomelea. Hiyo nimeipenda.

ZUHURA: Siku hizi kazi kubwa iko mwilini. Stenti, kile kijiwavu kinachoshikilia mshipa wa damu usizibe. Kinabanwa ndani ya mrija mwembamba, kinasukumwa hadi mahali pake, kikitoka kinafunguka. Na nyaya za kunyoosha meno.

HAMISI: Meno hayatiwi maji ya moto.

ZUHURA: Ndiyo sura ya pili ya aloi hii. Unaweza kuichanganya ili hata kwenye joto la kawaida iwe tayari imesimama wima. Ukiikunja, unazilazimisha atomi zilale kwa nguvu. Ukiiachia, zinasimama palepale, moto hauhitajiki. Inanyumbuka hadi asilimia 8 ya urefu wake na kurudi, wakati chuma cha kawaida hakifiki hata asilimia 1. Kwa meno, msukumo wake ni mpole na haupungui haraka jino likisogea. Fremu za miwani zile unazozikalia bila kuvunja, ni hiyohiyo.

HAMISI: Kwa nini basi mashine zote hazijatengenezwa kwa hii?

ZUHURA: Inapata joto upesi, inapoa polepole, kwa hiyo haifai kazi ya mbiombio. Ukiipasha kwa umeme, inakula mwingi kwa kazi ndogo. Ikirudiarudia sana inachoka. Na kuipika ni balaa: nikeli ikizidi kwa sehemu ya kumi ya asilimia moja, joto la kugeukia, lile ambapo atomi zinatoka kulala na kusimama, linashuka kwa nyuzi kama 10. Pale inapofaa ni pale pasipo nafasi ya mota. Mwaka 1997, kwenye gari dogo la Sojourner kule sayari ya Mirihi, waya wa nitinoli ndio uliosogeza kifuniko cha kioo ili wapime vumbi.

HAMISI: Zuhura, samahani. Huu wangu nimeutia tena majini, umenyooka wote isipokuwa hapa. Kuna kona imebaki.

ZUHURA: Hapo uliukunja kwa kitu gani?

HAMISI: Wewe ukizungumza... kwa koleo.

ZUHURA: Umepita ile asilimia 8. Hapo kwenye kona tabaka zimeteleza, majirani wamehama.

HAMISI: Nikiuongezea maji ya moto zaidi?

ZUHURA: Hata uchemshe birika zima. Lete huku, nina mwingine kwenye mkoba.