Acheni Skrubu, Tafuteni Hewa

Mafundi wenzangu, na ninyi vijana wa gereji za hapa Nyakato, Mwanza, habari za asubuhi. Kabureta leo tunaiacha, mnaijua. Nazungumzia K-Jetronic ya Bosch, injeksheni, yaani mfumo wa kupuliza petroli kwenye injini, iliyotoka mwaka 1973, isiyo na kompyuta ya kuunganisha mashine ikakwambia ugonjwa. Magari yake bado yapo: Volvo 240, Benzi za zamani. Na narudia nilichokisema kila nilipopewa nafasi: ile skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa ndiyo ya mwisho kuguswa.

Chukueni Volvo iliyoletwa kutoka Musoma. Sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, haikai, linazima kila likisimama. Limeshapita kwa mafundi, na kila mmoja kaingiza alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 3, kazungusha, kaongeza mafuta. Likatulia, mwenyewe akalipa. Baada ya muda plagi nyeusi tii, moshi mweusi likipanda kilima cha Bugando, na petroli haikai kwenye tangi.

Nikaacha injini inaunguruma, nikafungua kifuniko cha kumiminia oili. Kwenye Volvo hizi, injini isiyo na kasoro ukiifungua hapo lazima itetemeke, karibu izime, kwa sababu imeingiwa na hewa ambayo haikupita kwenye mita ya hewa, ile inayopima hewa ili mafuta yatolewe kwa kadiri yake. Hii haikushtuka hata kidogo! Maana yake ilikuwa tayari inavuta hewa kwingine. Tukavua ule mpira mnene unaotoka kwenye mita ya hewa kwenda kwenye throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Kwa juu unang'aa. Ukiukunja kwa mikono miwili, kwenye makunyanzi ya chini mpasuko unafunguka, kidole kinapita. Ukiuachia unajifunga, huoni kitu.

Najua mtaniuliza: mzee, mbona skrubu ikiongezwa gari linatulia? Linatulia kwa sababu kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, na ile ya wizi ni sehemu kubwa. Ukiongeza mafuta umeifidia. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi, ya wizi si kitu tena, lakini mafuta uliyoongeza bado yapo. Ndiyo moshi huo. Na tulipofunga mpira mpya gari likawa baya zaidi, likatoa moshi mweusi hata limesimama, mwenyewe akataka arudishiwe mpira wake wa zamani! Kosa moja lilikuwa limeficha jingine. Hapo sasa ndipo skrubu inapoguswa: kinyume cha saa, kidogo kidogo, na alenki unaichomoa kabla ya kukanyaga mafuta, kila mara. Ukiisahau mle unaharibu mita.

Wengine mnasingizia mwinuko. Kweli, Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Lakini hewa nyepesi huzidisha mafuta kwenye mchanganyiko, haiyapunguzi! Gari likipungukiwa mafuta hapa, mwinuko hauhusiki. Tafuteni tundu.

Presha, haraka haraka. Ya mfumo ni karibu baa 5. Ya udhibiti, ile inayobana mafuta yasizidi, huanza chini injini ikiwa baridi, ikipata moto inapanda hadi kama baa 3.5 au zaidi kidogo. Ikibaki chini, mafuta yanazidi. Ikipanda mno, yanapungua. Gari likisumbua asubuhi tu, shukuni regyuleta ya presha hiyo ya udhibiti. Likigoma kuwaka likiwa la moto, presha inavuja baada ya kuzima. Nozeli ya kuwashia baridi nayo ikivuja huleta moshi mweusi. Injekta zenyewe tutazisema siku nyingine.

Twendeni uani. Lile gari halijawashwa tangu jana, na presha ya baridi ukiikosa kabla injini haijapata moto, unasubiri hadi kesho. Mwenye geji atangulie. Sigara zizimwe zote, tunafungua bomba la petroli.