Hela ya bendi unayo, hela ya mchango huna? Leo najibu

Haya jamani, mambo vipi. Leo niko nyumbani Dodoma, Area D, upepo wa Julai mnausikia wenyewe kwenye maiki, msinilaumu. Naingia moja kwa moja maana swali ni lile lile, kila nikiposti kaklipu ka bendi kutoka Glasgow, kule Uskoti ninakoishi, hata kakiwa ka sekunde kumi, chini naandikiwa "dada hela ya bata unaitoa wapi, si ulisema maisha magumu". Wengine wananifuata mpaka inboksi. Mmoja kaandika mwezi uliopita ulikuwa unalia viza, mwezi huu uko kwenye tamasha, tushike lipi.

Kabla sijaendelea tuelewane, sijaja kuringa na sijaja kulia. Najua nikitaja bei ya tiketi yupo atakayesema najionyesha, nikisema nimechoka yupo atakayesema rudi basi, nani kakushikilia. Nyote nawajua kwa majina, kaeni pembeni kidogo nimalize.

Kwanza lile siyo tamasha. Ninakoenda mimi ni kwenye bendi za indi, yani vijana wasio na lebo kubwa, wanajirekodia wenyewe, spika wanabeba wenyewe, ni andagraundi tu ila wana magitaa. Ukumbi ninaoupenda unaitwa King Tut's, upo mtaa wa St Vincent, unaingiza watu 300 tu, ukiwa unapanda ngazi unakuta majina ya waliowahi kupiga pale yameandikwa kwenye vidato mwaka kwa mwaka. Ndo pale mwenye lebo mmoja aliiona bendi ya Oasis mwaka 1993 akawapa mkataba, wakaja kujaza viwanja. Ila wengi wanaopita pale hawaji kujaza uwanja wowote, Jumatatu asubuhi wako kazini kama mimi. Kuna mpiga drams nilimuona Ijumaa jukwaani anatoa jasho, wiki inayofuata nimemkuta supamaketi ananipitishia vitunguu kwenye mashine.

Sasa hela. Tiketi ya shoo kama hiyo inacheza pauni 10 mpaka 12, hapo weka na ada ya bukingi ambayo mpaka leo sijaelewa ni ya kazi gani maana tiketi inakuja kwenye simu yangu, na ukifika mlangoni kutunziwa koti nako unalipia, na huwezi kuacha koti nyumbani, Glasgow ile, mvua haina msimu. Tuseme elfu arobaini za kwetu na kitu. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa hiyo tiketi moja ni saa moja ya kumgeuza bibi wa watu kitandani, kumbadilishia shuka, kumlisha, maana mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, sijawahi kuficha. Saa moja ya kazi kwa mwezi, mbili nikijipendelea. Hilo ndo bata mnalonisema.

Na viza nililia kweli, sikatai! Ile ya kubaki baada ya masomo, wakati naomba ada yake ilikuwa pauni 880, af kulikuwa na ada ya afya 1,035 kwa mwaka, wakanikata ya miaka miwili yote kwa mpigo, jumlisha unapata 2,950. Piga hesabu kwa hela yetu ni karibu milioni kumi, na hiyo afya yenyewe ukipiga simu kumuona daktari unaambiwa subiri. Sasa mtu anadhani nikiacha kwenda shoo ya pauni 12 ndo ile milioni kumi itarudi?

Mama mdogo, nakupenda na najua unaangalia, ila hili acha niliseme. Harusi ya binamu, kamati wameniandikia ahadi ya laki tano bila kuniuliza, nimeiona tu kwenye grupu jina langu na namba pembeni. Nikasema jamani nitatoa laki na nusu, ndo uwezo. Usiku huo huo skrinshoti ya stetasi yangu ikatupwa kwenye grupu, niko na wenzangu nimeshika glasi, chini yake "huyu ndo hana hela". Glasi yenyewe maji ya soda na ndimu! Na kwa kuwa mimi ni mwanamke hela haikutosha, ikaongezwa kwamba nimeharibika, Mama akaja kuulizwa na wenzake wa kwaya kama bado nasali. Kaka yangu yeye yuko Dar kila Jumamosi yupo baa na hajawahi kuulizwa na kwaya yoyote. Basi, nimemaliza hapo, laki na nusu nilituma.

Halafu kuna suala la mlangoni. Sheria ya Uskoti inataka mtu anayeonekana yuko chini ya miaka 25 aombwe kitambulisho anaponunua pombe, mabaunsa wao wanaanzia mlangoni, hata kama unaingia kunywa maji. Zamani tulikuwa na zile kadi ngumu za ukaazi, zikaisha nguvu mwisho wa 2024, sasa hadhi yako ya uhamiaji, yani ruhusa ya kukaa, iko mtandaoni. Mweleze baunsa saa mbili usiku kwenye mvua kwamba hadhi yako iko mtandaoni uone. Nikatoa kitambulisho changu cha NIDA, akaigeuza geuza akaniuliza hii ni ya maktaba? Wenzangu wameshaingia, bendi inaanza, mimi nimesimama nje na mifupa yangu ya miaka 29. Na pasi huwezi kutembea nayo kwenye ukumbi wa watu wanaosukumana, ikipotea ubalozi uko London, nauli ya treni tu utajuta. Dawa niliyopata mimi ni leseni ya lena, ukiwa na ruhusa ya kukaa huko angalau siku 185 unaomba mtandaoni kwa pauni 34, siendeshi gari lolote, ni kitambulisho changu cha kuingilia kwenye bendi.

Sasa kuhusu washkaji, maana mnaniona nimezungukwa na watu mnasema una watu wengi huko. Wale watu nimewapata kwa kazi. Huko hamna kumpitia mtu nyumbani ukagonga hodi ukakuta chai, mtu anakwambia tuonane Alhamisi ya wiki tatu zijazo na anaandika kwenye kalenda kweli. Ndo maana shoo inasaidia, tarehe ipo, tiketi imelipwa, hakuna wa kughairi. Na kuna kitu kinaitwa raundi. Mko watano, kila mmoja kwa zamu ananunulia wote, kwa hiyo mimi wa soda na ndimu ikifika zamu yangu nanunua bia nne, na nikisema napumzika raundi hii naonekana bahili. Kwetu aliyekualika ndo analipa, kimeisha. Nimeshawaambia mimi sipo kwenye raundi, wakaguna wakazoea.

Na wanavyosikiliza muziki sasa. Mikono imekunjwa, wanatikisa kichwa taratibu, mara ya kwanza nikadhani wamechukia, kumbe hapo wamekolea. Kwetu bendi ikikukosha unanyanyuka na noti unamtunza mwimbaji kwenye paji la uso, kule ukijaribu baunsa anakushika. Ukitaka kumtunza unaenda kwenye meza ya nyuma unanunua fulana au santuri, hapo ndo wanaporudishia mafuta ya gari. Wanaanza saa moja na nusu, saa tano kasoro taa zimewashwa, na bora iwe hivyo maana treni ya chini nayo inafunga, mwanamke peke yako kwenye basi la usiku si jambo la kufurahisha.

Kuna rafiki Mskoti ana santuri ukuta mzima, kusikia natoka Dodoma kaniuliza Hukwe Zawose. Mgogo wetu, mpigaji wa ilimba na zeze, aliyefundisha Bagamoyo, akarekodi na Real World, ile lebo ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, akafariki 2003. Na 2024 Pendo na Leah Zawose nao wametoa albamu kwa lebo hiyo hiyo. Mskoti ananiambia yote hayo, mimi wa Chamwino namsikiliza. Sioni aibu, nilikulia kwenye singeli na kwaya, ila nilikasirika. Kwa sababu huku muheme, ngoma ya wakina mama wa Kigogo, tunausikia kiongozi akishuka kwenye ndege, dakika tano, halafu wakina mama wanapandishwa fuso warudishwe kijijini. Mji umejaa watumishi tangu serikali ihamie, UDOM wanafunzi kibao, ila weka kiingilio cha elfu tano kumsikiliza kijana anayepiga vyake, watasema ghali, na hao hao bia tatu hawazihesabu. Bendi inabaki kupiga kopi za Wakongo mpaka majogoo kwa sababu mwenye baa ndo anachotaka.

Wale mnaokuja kusoma Uingereza Septemba mnaniuliza mweke bajeti gani ya starehe, mimi sijui mfuko wako. Mwanafunzi muhula ukiwa unaendelea mwisho masaa 20 ya kazi kwa wiki, na kama una wadogo unaosomesha hesabu yako siyo yangu, usije ukasema dada wa Dodoma alisema. Mimi nimeona bila kutoka nilikuwa naongea na wazee na ukuta tu, nikachagua kukata kusuka na chakula cha kununua. Wewe labda kwako ni mpira.

Ijumaa kuna bendi ya laivu huku mjini nataka kwenda kuisikiliza, nitaweka location kwenye stori, mnaotaka kuja njooni. Kila mtu na hela yake, nasema mapema.